Mdomo Wake, Mikono Yangu

Jumanne, 2 Septemba

Leo nimefukuzwa kazini kabla sijaingia kazini. Friji la mwalimu mstaafu linavuja, nikaenda na mkoba wa spana begani. Kafungua mlango, kanitazama, halafu akachungulia nyuma yangu — kulia, kushoto — kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka kwa adabu zake za ualimu. Kasema baba yangu anamfahamu, mtu wa heshima, kwa hiyo yeye hataki matani. Nikainua mkoba auone. Akasema nimfikishie baba pole ya mgongo, atamsubiri apone.

Baba hatapona. Daktari kishasema, mgongo ule hauinami tena. Tangu ateleze na kompresa ya friji ngazini hajashika hata bisibisi. Anakaa barazani kwenye kiti cha mbao, anasikiliza mafriji ya majirani kupitia ukutani na kuyatolea hukumu. "Hilo la jirani halifiki mwisho wa mwezi." Na kweli halifiki.

Sasa nani alimshikia tochi baba miaka yote hiyo? Mimi. Pacha wangu wa kiume naye alikuwa akiitwa, anakuja, anashika tochi, anamulika dari. Baba anamfukuza, ananiita mimi. Kulehemu bomba la shaba nimejua kabla ya kujua kupika wali usioungua. Na wali bado unaungua.

Mama kaniuliza mbona nimerudi mapema. Nikamwambia mwalimu hakuwepo. Nimelala chali kitandani na viatu vyangu. Hasira ninayo na sina wa kumtapikia.

Ijumaa, 5 Septemba

Lo! Lazima niandike haya kabla hayajapoa.

Mwenye duka la vinywaji pale kona kaita fundi. Mtungi wa gesi mzito, nikamwomba Pacha anisaidie kubeba. Kavaa lile shati lake la mistari. Tumefika tu, mama mwenye duka kanipita kama nguzo, kaenda kumshika Pacha mkono. "Karibu fundi, karibu, vinywaji vyangu vinachemka." Pacha kanitazama. Nilikuwa nafungua mdomo, yeye akaniwahi:

"Ahsante mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. Basi Pacha kasimama mikono kifuani, anauliza maswali ya kidaktari. Limeanza lini? Linakoroma usiku? Linatoka jasho? Yule mama akaeleza ya friji, akaunganisha na ya mumewe. Mimi huko nyuma nimelala kifudifudi kwenye vumbi. Nimekuta tundu la bomba, nimeliziba, nimevuta hewa iliyobaki bombani, nimejaza gesi. Baridi ilipoanza kushika Pacha akaligonga mlango taratibu, akasema, "Msimfungue-fungue sana, ametoka kuumwa."

Kasifiwa yeye. Mimi nimepewa soda — pole kwa kubeba, mdogo wetu. Mdogo! Mimi niliyemtangulia kutoka tumboni!

Njiani tulicheka mpaka tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Pacha akaniambia: "Mdomo wangu, mikono yako. Nani atatuweza?" Nikasema ni kwa leo tu. Akasema sawa. Lakini jioni mwenye duka kamwambia dada yake, na dada yake ana friji.

Jumapili, 7 Septemba

Haki ya Mungu sisi ni majambazi wa ajabu. Hatuibi kitu cha mtu, tunaibiana wenyewe.

Leo nimepeleka mawigi mawili saluni. Yamesukwa na Pacha, nywele moja moja, chumbani mwetu nyuma ya pazia. Pacha alisuka tangu utotoni, alijifunzia kichwani kwangu, na mimi nikivumilia kwa sababu akisuka husimulia hadithi. Kisha siku moja baba akakuta vitana vyake. Havikuvunjwa wala havikutupwa. Baba alivifunga kwenye gazeti, akampa mama, akasema, "Hivi ni vyako au vya binti yako. Mimi sikuzaa msusi." Yakaisha. Tangu hapo kila wigi linalotoka chumbani mle ni langu.

Mwenye saluni kapitisha vidole kwenye mshono, kaita wateja waje waone. "Tazameni mkono huu. Huyu binti kaumbwa kwa kazi hii." Nikainamisha kichwa kwa haya. Wakadhani ni unyenyekevu. Mimi hata mkia wa farasi sijui kufunga, nikifunga unalegea.

Nilipomwambia Pacha jinsi walivyoyasifu, alisimama kusikiliza. "Walisema hivyo? Rudia." Nikarudia. Akaomba nirudie tena ile ya mshono.

Jumatano, 10 Septemba

Masomo yameanza. Jana kwa yule dada wa mwenye duka, Pacha kasema "kompresa imepata mafua." Mume wa yule dada akamkazia macho. Nikaona hapa tutaumbuka. Kwa hiyo leo baada ya chakula nimemkalisha kwenye banda la kazi la baba mbele ya friji bovu. Hii kompresa. Hili bomba linaingia, hili linatoka. Hii geji, ukisoma hapa maana yake gesi haitoshi, ukisoma hapa maana yake kuna kilichoziba. Weka sikio. Hiyo ndiyo sauti ya afya. Hii ndiyo ya kukwama.

Anapiga miayo. Anasema afadhali kichwa cha mwanamke, kikiuma kinasema. Nikampiga kwa kitambaa cha grisi. Lakini nimegundua ana sikio. Nimemgeuza akatazama ukuta, nikawasha, nikazima, nikabadilisha. Alikosea mara chache tu.

Sijui kwa nini nilifurahi. Labda kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza nikizungumzia mabomba bila kusema "haya, sasa pika chai."

Jumanne, 16 Septemba

Mtaa mzima unamwita Fundi Mdogo. Mkubwa ni baba. Mimi sina jina, mimi ni "yule wa mkoba."

Mwalimu mstaafu naye kaita! Tumekwenda. Kamkumbatia Pacha. Mimi kaniambia, "Umeona sasa? Kila jambo na mwenyewe." Nilikuwa chini ya friji lake, spana mkononi, na mguu wake uko hapo karibu na kichwa changu. Shetani alinipitia, akapita.

Jioni baba kamwita Pacha barazani mbele ya majirani. Akampa koleo lake la zamani, lile lenye mpini uliofungwa mpira, ambalo mimi nikiligusa utotoni nilikuwa naambiwa nitaumia. "Damu haipotei," baba akasema, na sauti ikakatika. Majirani wakapiga makofi. Mmoja akasema kweli baba kazaa dume. Pacha kapokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwangu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikaenda jikoni kuosha vikombe. Sikuwahi kumwona baba akicheka hivyo tangu aanguke, na ningesema nini? Kwamba kicheko chake ni cha uongo? Mama kaja kusimama pembeni yangu, akachukua kitambaa akafuta vikombe. Lori lilipita kwenye mlima wa pale nje, linalalamika, na mama akanong'ona kama afanyavyo siku zote, "Badili gia sasa, baba, badili." Leo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza, mama, wewe uliwahi kuendesha? Akaniambia nisiulize mambo ya kipuuzi, vikombe vinasubiri.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimechoka, mikono inanuka mafuta, na nina furaha, na nina huzuni. Nianzie wapi.

Ile stoo kubwa ya baridi barabara ya viwandani, wanayohifadhi matunda na mboga, mtambo wao ulizima tangu juzi. Fundi wao wa zamani kahama. Meneja mwenyewe kaja na gari mpaka barazani, kasikia habari za Fundi Mdogo kwa mwenye duka la vinywaji. Baba akasema, mchukue, huyo ni mkono wangu mwenyewe. Pacha akasema haendi bila dada yake, ndiye anayemjulia vifaa. Meneja akacheka, sawa, aje.

Mtambo ule! Mrefu kuliko chumba chetu. Kompresa kama fahali. Sijawahi kugusa kitu kikubwa hivyo, na nilipoweka kiganja juu yake moyo ulinienda mbio kama wa mtu aliyepokea barua ya mchumba. Pacha alifanya kazi yake — akamsogeza meneja pembeni, akamshika na hadithi. Mimi nikaingia nyuma, mahali penye giza na baridi ya zege. Nilifungua, nikasafisha, nikakuta vali ya gesi imeng'ang'ana na chujio limejaa uchafu. Nikasahau njaa. Nikasahau kama mimi ni nani. Nikipata shida nasikia sauti ya baba kichwani: usilazimishe, kikikataa kina sababu. Na kila mara nilikuta sababu yenyewe.

Kompresa ilipowaka nililia kidogo, kule nyuma, peke yangu. Mngurumo ule unaingia mpaka kwenye meno.

Nilipotoka meneja alikuwa anampa Pacha mkono. "Kijana, wewe umejificha wapi?" Mkono wa Pacha mkavu, safi, kucha zake kama za bwana harusi. Meneja hata hakuutazama. Mimi nimejaa grisi mpaka kwenye nyusi, akanitazama kwa huruma kweli kweli. "Unamchafua sana dada yako, fundi." Akaagiza niletewe maji ya moto na sabuni.

Halafu akasema: wanataka fundi wa kudumu. Kazi ya kuandikwa, na nguo za kazi, na kuanza baada ya wiki mbili. Na akanigeukia mimi kwa upole wake. Wewe dada usihofu, hatujakusahau, kule chumba cha kupanga nyanya nafasi ipo, wanawake wengi, mnapiga soga, kazi nyepesi.

Nikasema ahsante. Nimesema ahsante! Mdomo wangu uko wapi siku ninayouhitaji?

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwambia baba.

Nilisubiri mama aende sokoni na Pacha atoke. Nikakaa chini karibu na kiti chake, nikasema, baba, mafriji yote yale ni mimi. Na stoo ni mimi. Nikanyoosha mikono kama mshitakiwa.

Hakushtuka. Aliendelea kutazama barabara. Kisha akasema, "Mama" — ananiita hivyo akinipenda — "mimi mgongo ndio umevunjika, masikio yapo. Nasikia bandani nani anapiga nyundo. Pacha wako anapiga kama anayebisha hodi."

Kumbe anajua! Na koleo je? Na damu haipotei?

Akasema, taratibu, kama anayemweleza mtoto mambo ya mvua: "Wewe leo uko hapa. Kesho utaolewa, utakwenda na mikono yako nyumba nyingine, na huko mumeo atakuambia weka spana chini. Jina likikaa kwako, kazi yangu imekufa. Likikaa kwake, banda litabaki wazi. Wewe mfundishe tu. Nimekukataza kitu mimi? Niambie siku moja niliyokukataza."

Nikaitafuta hiyo siku. Nimeitafuta mpaka sasa ninapoandika. Hakuna. Wala mama hakunikataza, wala mwalimu, wala meneja aliyeniletea maji ya moto. Kila mtu ananifungulia mlango kwa heshima, ila mlango wenyewe ni wa jikoni.

Nikamuuliza, na Pacha kama hataki? Akasema mwanamume hataki, halafu anazoea. Akaniomba maji ya kunywa. Nikaenda kuyaleta. Ningefanya nini?

Jumatatu, 29 Septemba

Uzi unakatika huku na huku. Mwenye saluni kanitumia mtu niende nikasuke kichwa cha bibi harusi palepale, mbele ya mashoga zake wote. Kichwa hai, si wigi! Nimekwenda na kidole kimefungwa kitambaa, nikasema nimejiunguza. Na ni kweli nimejiunguza, na tochi ya kulehemu, lakini wao wakadhani pasi. Nimepewa pole nyingi. Mwenye saluni kasema nikipona kiti changu kipo pale dirishani, hata kesho.

Nimerudi nimemwambia Pacha kuna kiti dirishani. Alikuwa anakariri majina ya vali. Akaweka karatasi chini, akauliza dirisha linatazama upande gani. Nikamwambia upande wa asubuhi. "Mwanga mzuri wa kusukia," akasema, akageukia ukutani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo tumesema ukweli. Ukweli wote. Niandike vizuri, maana bado siamini.

Tuligombana kwanza. Pacha kaamka uso umemshuka. Kasema Jumatatu haendi, atajificha, atasema anaumwa. Nikamwambia wewe ndiye uliyeanza, "mgonjwa yuko wapi, mgonjwa yuko wapi," kwa mdomo wako wa chiriku. Akaniambia na wewe ndiye uliyecheka. Nikamwita mwoga. Akaniita mwoga. Wote tumesema kweli. Kisha akasimama, akavaa lile shati la mistari. "Twende tukamwambie meneja. Wewe uchukue kazi. Mimi nipigwe na baba, basi, nitakufa?"

Nilimpenda sana wakati ule. Nilimpenda kama siku tulipokuwa wadogo akikubali kuwa amevunja sahani niliyovunja mimi.

Meneja katupokea ofisini, katukalisha, kaagiza chai. Pacha kasema yote. Kasema kwa ufasaha, bila mzaha, jasho linamtoka. Mimi si fundi. Fundi ni huyu. Mimi nilikuwa naongea tu. Kazi hii mpe yeye.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Nikaona macho yake yamelowa! Akasema, "Kijana, nimeajiri watu wengi, sijaona ndugu anayempenda dada yake namna hii. Kumwachia kazi yako yote?" Akampiga Pacha begani. Pacha akasema si kumwachia, ni yake. Meneja akasema anaelewa, anaelewa sana, na yeye ana dada.

Ndipo nikasema mimi. Nikamwambia, nipeleke kwenye mtambo sasa hivi, niulize chochote, nifungue mbele yako. Akacheka, si kwa dharau, jamani, angedharau ningejua la kufanya. Akasema mtambo unafanya kazi vizuri mno tangu fundi aushike, haujawahi kutulia hivi, tuuzime kwa sababu gani? Mboga za watu zimo ndani.

Nilivyoutengeneza vizuri ndivyo nilivyojifungia nje.

Nikaanza kumtajia: vali, chujio, nilikuta nini na wapi. Akamgeukia Pacha, "Umemfundisha vizuri." Basi. Hapo nikaiacha chai yangu, nikamwacha na Pacha, nikatoka. Pale nje wanawake wa chumba cha nyanya walikuwa wanapumzika kivulini. Mmoja akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaenda.

Baba kaomba aamshwe alfajiri amwone akivaa nguo za kazi. Mama kampigia pasi. Pacha kasimama katikati ya chumba kama nguo iliyotundikwa kwenye msumari. Vitana vyake kaviweka kwenye boksi, na mawigi yaliyobaki, na wigi moja alilofika nusu, akaniambia nipeleke kama lilivyo au nitupe.

Kaniomba nimwandikie kiganjani yale ya geji. Nimemwandikia kwa kalamu ya wino.

Siku nzima sijafanya kitu. Friji moja liliitiwa fundi, nikasema fundi yuko kazini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya geti la stoo. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, chini ya spana. Naandika haraka, sijui kama nitajisoma.

Saa nne Pacha kapiga simu ya nyumbani. Mtambo umezima. Kasema neno moja tu, "Njoo." Nimekimbia na mkoba wote, viatu vya nyumbani miguuni. Nimefika, mlinzi kanizuia. Si mkali, mtu mzima, kaniita mwanangu. Lakini sheria ya hapa ni kuwa asiyeandikwa haingii eneo la mitambo. Nikamwambia mimi ni dada wa fundi. Akasema basi tulia, kaka yako yuko ndani anashughulika. Nikaomba nimpigie simu. Simu za wafanyakazi zote zimo kwenye sanduku hapa getini, ya Pacha naiona kwa macho, ile yenye kioo kilichopasuka. Aliponipigia alikuwa katoka kidogo, kisha akaitwa ndani.

Sasa nimekumbuka jambo. Mtambo ule una swichi mbili. Moja ukutani, kila mtu anaiona. Ya pili iko nyuma, chini, ni ya vipasha joto vya kuyeyushia barafu. Ukizima ile ya mbele tu, nyuma bado mna umeme wa kuua ng'ombe. Siku ile niliizima mwenyewe kimyakimya wakati Pacha anasimulia. Sikumwonyesha. Nimemfundisha geji, nimemfundisha sauti, nimemfundisha maneno makubwa ya kutisha wateja. Hili sikumfundisha, kwa kuwa halikuwa la kusemwa, lilikuwa la kufanywa, na wa kufanya nilikuwa mimi.

Nimemwambia mlinzi: baba, nakuomba, mpelekee ujumbe, azime ya nyuma pia. Nimemwomba nusura nipige magoti. Akapiga simu ya ndani, akaeleza. Akasikiliza. Akatabasamu. "Wanasema fundi anajua kazi yake, mwanangu. Wanasema msimvuruge." Akanipa kiti. Nimekataa kiti.

Kimya. Mtambo umezima, mtaa wote wa viwanda unasikika, hata mtu anayefagia. Ee Mola, asiguse. Asiingize mkono. Mikono ile. Mwache tu atoke akiwa ameshindwa, waseme fundi bure, wamfukuze, baba anune mwaka mzima. Lawama nitabeba mimi. Nitapanga nyanya. Mtoe tu mzima.

Bado kimya. Mlinzi anakunywa chai.

Kuna sauti. Imekwama, imekata. Ameijaribu. Yuko hai, basi. Yuko hai. Sauti ya vali kung'ang'ana. Nasema kwa mdomo, peke yangu, usilazimishe, usilazimishe.

Kimya tena. Kirefu.

Imewaka.

Imewaka na haikati. Nimesikiliza kwa mkono wangu juu ya chuma cha geti, inaingia mpaka kwenye meno. Safi. Safi kabisa. Labda kuliko siku ile yangu.

Alhamdulillahi, nimesema. Nimesema kwa moyo wote, na machozi yamenitoka, na mlinzi kadhani yote ni ya furaha. Nilimwombea asife, na hakufa. Sikuwaza kabisa kama angeweza. Hakuna aliyemwonyesha ile vali ila mimi, kwa mdomo tu, bandani, kwa kumchokoza, na kaitengeneza. Sasa sina hata ule uongo wetu. Nikisema leo kuwa fundi ni mimi, nitakuwa naongopa nusu.

Nimemwona. Ametoka mlangoni kule mwisho wa uwanja, meneja kamshika bega, na wanaume wengine nyuma yao. Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, nifutavyo mimi. Hacheki. Mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko na anaitazama kama si yake. Sasa ameniona. Amesimama.

Mlinzi kafungua kile kilango kidogo, kwa ukarimu. Anasema fundi akiniombea kwa meneja nitaruhusiwa kuingia nimsalimie. Anauliza kama bado nataka kuingia.